Mkuu kanipa kazi ya kuinua shule na hela ya semina hakuna, nianzie wapi?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha fizikia na hesabu shule ya kata ya kutwa hapa Bagamoyo, nina miaka michache tu kazini. Mkuu wa shule kaniteua mwalimu wa taaluma na anataka nimwandikie mpango wa kuinua matokeo kwa kutumia walimu wenyewe, maana hela ya semina hakuna. Kidato cha nne mwaka jana wengi walitoka na divisheni foo na ziro. Walimu wengi wamenizidi umri, na kuna wanaokaa Bunju na Tegeta, ikifika saa tisa wanakimbilia gari. Nianzie wapi, na je niite watu wa nje? Na hivi kweli mwalimu wa kawaida anaweza kubadilisha shule?"

Marahaba mdogo wangu. Hongera kwa uteuzi na pole pia, maana taaluma ndo kile kiti ambacho matokeo yakipanda sifa ni za mkuu, yakishuka watu wanaanza kuulizana hivi akademiki wetu ni nani.

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ukiwa huamini kwamba mwalimu anaweza basi mpango wako utakuwa karatasi ya kumridhisha mkuu tu. Kuna shule ya serikali Marekani inaitwa Brockton High School, iko jimbo la Massachusetts kusini ya Boston, shule kubwa kweli kweli, wanafunzi zaidi ya elfu nne, na wengi wao nyumbani wanaongea lugha nyingine kabisa, wengine wametoka Cape Verde, wengine Haiti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jimbo lilipoanzisha mtihani wake wa kupima shule zote, Brockton wakaaibika, robo tu ya wanafunzi ndo walikuwa wanafaulu, na kati ya kila watoto watatu mmoja alikuwa anaacha shule njiani. Walimu walishazoea hali hiyo hadi wakawa wanaambiana kwenye korido kwamba mwanafunzi ana haki ya kufeli akitaka. Hapo ndo kikundi kidogo cha walimu, akiwemo mwalimu wa historia Susan Szachowicz, wakaanza kukaa vikao siku za Jumamosi na kujiuliza swali moja, hawa watoto wanashindwa nini hasa? Wakakuta kwamba shida haiko kwenye historia wala kwenye sayansi, watoto hawawezi kusoma swali wakalielewa na hawawezi kuandika jibu likasimama. Wakauomba uongozi uwaruhusu, na kazi ikawa ya shule nzima, kila somo linafundisha kusoma na kuandika, hesabu, sayansi, hadi mwalimu wa michezo naye hakusalimika. Waliowafundisha walimu ni walimu wenzao. Mwaka 2001 wakawa wameruka kuliko shule yoyote ya jimbo lile kwenye idadi ya wanafunzi waliofeli mwanzo kisha wakafaulu, na ilipofika 2010 walikuwa wanazipita asilimia 90 ya sekondari za Massachusetts. Huyo mama alikuja kuwa mkuu wa shule mwaka 2004, ina maana wakati kazi inaanza hakuwa mkuu wa shule.

Usije ukaibeba hiyo ukaibandika hapa kama ilivyo. Wenzetu wana hela ambayo shule ya kata haitaiona, na mwalimu wao hafundishi mkondo wa watoto themanini waliokaa watatu watatu. Mimi nataka uchukue mambo mawili tu. Walichagua kitu kimoja kinachogusa masomo yote, hawakuandika mpango wenye malengo kumi na tano. Na walimu ndo waliofundisha walimu, mfululizo, kwa miaka, bila kusubiri semina.

Hilo la semina nataka nilikalie kidogo kwa sababu najua kuna wenzako watakwambia bila semina ya siku tatu na posho hakuna mafunzo. Mwalimu akienda semina Morogoro au Dodoma anarudi na begi, na daftari limejaa notsi, na anakuwa amejifunza kweli, sisemi semina ni uongo. Tatizo ni Jumatatu. Anaingia darasani, watoto ni walewale, mada ipo nyuma ya azimio la kazi, hakuna mtu wa kumwangalia anavyojaribu ile mbinu mpya wala wa kumwambia hapa umekosea rekebisha hivi, kwaiyo baada ya wiki mbili karudi kwenye kuandika notsi ubaoni. Bruce Joyce na Beverly Showers walilisema hili tangu miaka ya 1980, kwamba mwalimu anaweza kuelezwa na kuonyeshwa na bado mbinu isifike darasani mpaka awe na mtu wa kumshika mkono akiwa anaijaribu. Mwaka 2018 Matthew Kraft na wenzake wakakusanya tafiti 60 za aina hii ya kumfuata mwalimu hadi darasani, wakaona inabadilisha ufundishaji na matokeo ya wanafunzi pia yanapanda, ila programu zikiwa kubwa sana nguvu inapungua. Sisi kwetu hiyo ni habari njema, maana udogo tunao.

Sasa nianzie wapi. Anza na madaftari na karatasi za majibu, kabla hujaandika sentensi hata moja ya mpango. Chukua skripti za mtihani wa mwisho wa muhula za kidato cha pili, masomo matatu manne tofauti, biolojia, jiografia, historia, na hiyo fizikia yako, uzisome zote bila kuangalia alama. Tafuta mtoto alipoanza kupotea. Mimi nakuhakikishia utakutana na mtoto aliyenakili swali akaliita jibu, utakutana na aliyeambiwa aeleze akataja tu, aliyeambiwa atofautishe akaeleza upande mmoja akaacha. Ukimwita huyohuyo ukamuuliza kwa Kiswahili usanisinuru ni nini anakumwagia yote hadi unashangaa. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, alafu kidato cha kwanza karibu masomo yote yamegeuka kiingereza, na zile wiki za mwanzo za kumzoesha lugha shule nyingi zinapita nazo juu juu ili kukimbiza silabasi.

Alafu nenda tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kuna kitu walimu wengi hawakifungui kabisa. Kila mwaka baada ya matokeo wanatoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, kila somo na yake, swali kwa swali, wanaonyesha hadi picha ya jibu zuri na jibu bovu na sababu ya watoto kukosa. Ni bure. Ile taarifa ndo semina yako, tena imeandikwa na watu waliopitia hizo pepa. Pakua ya kidato cha nne na ya upimaji wa kidato cha pili, ilinganishe na skripti za kwenu, na hapo utakuwa na kitu cha kuwawekea walimu mezani ambacho hakuna wa kukibishia eti akademiki kajitungia.

Kutoka hapo mchague kitu kimoja. Nasema mchague, sio uchague. Kama mimi ningeulizwa ningesema mtoto aweze kusoma swali na kuandika jibu la maelezo la aya moja kwa kiingereza kinachoeleweka, masomo yote, kwa utaratibu mmoja. Lakini inawezekana skripti za shule yenu zikasema kitu kingine, labda hesabu za msingi, watoto hawawezi sehemu na desimali na hiyo inaua fizikia, kemia, jiografia na hadi masomo ya biashara. Zifuateni skripti.

Muda ndo mahali mipango mingi inapofia, na wewe umenipa jibu mwenyewe bila kujua. Hao wa Bunju na Tegeta hawatabaki saa tisa, na usiwalaumu, mtu anagombania daladala ya Makumbusho na kuna watoto wanamsubiri nyumbani. Ijumaa nayo usiiguse, Bagamoyo hii kuna sala alafu watu wanaanza kutawanyika. Jumamosi walifanya Wamarekani, hapa utapata walimu wanne na wote watataka nauli. Lakini ratiba ya vipindi anaipanga nani? Si ni wewe! Hicho kiti chako hakina mamlaka makubwa ila kina ratiba, na ratiba ndo kila kitu. Ukiipanga upya hakikisha walimu wa idara moja wana kipindi kimoja cha dakika 40 kwa wiki ambacho wote hawana darasa, sayansi na hesabu siku yao, lugha siku yao, sanaa na biashara siku yao. Kazi ya kuipanga hiyo itakutoa jasho kwa sababu kuna mwalimu mmoja wa kemia anahudumia mikondo yote, sawa, lakini ukishaipata hakuna anayebaki kwa ajili ya kikao, na hakuna wa kudai posho ya muda wa ziada. Ramadhani vipindi vikifupishwa, punguza hadi mara moja kwa wiki mbili, usiifute.

Ndani ya hizo dakika 40 wafanye nini? Sio kusomeana matangazo, hayo yaende wasapu. Wiki ya kwanza waandae kipindi kimoja pamoja, mada ambayo watoto wanaifeli kila mwaka. Wiki ya pili mmoja anakifundisha mkondo A na wenzake wawili au watatu wanakaa nyuma, na hapa sikiliza vizuri, wanaangalia wanafunzi, hawamwangalii mwalimu. Nani kaelewa, nani ananakili tu, swali gani liliwazimisha. Wiki ya tatu wanakaa wanakirekebisha, na mwingine anakifundisha mkondo B. Wajapani wamefanya hivi zaidi ya miaka mia, Zambia walianza mwaka 2005 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, na wamekwenda nayo shule nyingi. Haihitaji hela, inahitaji rimu moja ya karatasi na watu kuacha aibu.

Na aibu ndo ugumu wenyewe. Mwalimu wa Kitanzania amezoea kwamba mtu mzima akiingia darasani kwake akakaa nyuma na karatasi basi ni mkaguzi, siku hizi anaitwa mthibiti ubora ila mapigo ya moyo ni yaleyale. Kwaiyo wa kwanza kufungua darasa lake uwe wewe. Chagua mada yako ngumu, sio ile unayoitereza, waite wenzako waje waone watoto wanavyohangaika na umeme, alafu kaa kimya wakuambie walichoona. Baada ya hapo mwombe mwalimu mkongwe anayeheshimika akubali kuwa wa pili. Kila shule ina mmoja, mara nyingi ni mama wa Kiswahili au mzee wa jiografia, watoto wake hawafeli na hakuna aliyewahi kumuuliza anafanyaje. Mfuate faraghani kwa adabu, umwambie shikamoo mwalimu, nimeona skripti za somo lako watoto wanajieleza vizuri, naomba tujifunze kwako. Usimpe cheo, mpe kazi. Akishakubali huyo nusu ya wale wanaokuona dogo watakuwa wamenyamaza, maana sasa sio mpango wa dogo tena.

Hapa niseme neno kuhusu wakuu wa idara. Wengi ni wakuu wa idara kwa jina, kazi yao imebaki kusaini maazimio ya kazi na kugawa chaki, na hawapati posho ya madaraka kama anavyopata mkuu wa shule, kwaiyo ukimwongezea mzigo atakuuliza kwa kipi. Ni swali halali. Kama huwezi kumpa hela mpunguzie kitu, mwondoe kwenye zamu ya wiki moja katika muhula, au mpunguzie vipindi viwili ukiweza. Uongozi wa walimu usiolipwa hata kwa muda huwa unaishia kwa watu wawili wenye moyo, wakihamishwa umekufa.

Kuhusu mkuu wako. Amekupa kazi na pengine anadhani ameshamaliza. Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake mwaka 2008 walilinganisha mambo mbalimbali wanayofanya viongozi wa shule ili waone lipi linagusa zaidi matokeo ya wanafunzi, na lililoongoza kwa mbali lilikuwa kiongozi kuhimiza mafunzo ya walimu na yeye mwenyewe kushiriki. Kushiriki yaani kukaa, sio kufungua kikao, kutoa nasaha na kukimbilia halmashauri. Mwombe akae kwenye kikao cha idara angalau mara moja kwa mwezi, bila daftari la mahudhurio mkononi. Na kabla ya yote mkubaliane naye jambo moja mbele ya walimu wote: kinachoonekana kwenye darasa lililofunguliwa hakiingii kwenye faili la mtu, hakipelekwi kwa Afisa Elimu Kata, hakitumiki kumtishia mtu na barua ya TSC, ile Tume ya Utumishi wa Walimu. Siku mkuu atakapotumia kitu alichokisikia mle kumsema mwalimu paredi, funga daftari uende nyumbani maana hakuna atakayefungua darasa tena. Nimeona shule moja huko Tanga ilikuwa inakwenda vizuri kabisa ikafia hapohapo, kwa sentensi moja ya kikaoni.

Umeuliza pia kama uite watu wa nje. Mko kwenye mji ambao wenzenu wa mikoani wanausafiria! ADEM, Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, makao yake yako hapohapo Bagamoyo, zamani ilikuwa inaitwa MANTEP, wakuu wa shule wa nchi hii wanafuata huko stashahada na kozi fupi za uongozi. Pita na barua ya mkuu wako uwaulize kama mkufunzi anaweza kuja mchana mmoja, mbaya zaidi watakwambia hapana. Alafu kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, mfumo wa serikali wenyewe unataka walimu wakutane shuleni kwenye jumuiya za kujifunza, na Taasisi ya Elimu ina moduli mtandaoni ambazo mwalimu anazipitia kwa simu. Sasa shule nyingi MEWAKA imekuwa ni kuhesabu nani kajisajili na nani bado, mtu anabofya moduli hadi mwisho ili jina lionekane. Wewe itumie kama kinga. Hivyo vipindi vya idara viite MEWAKA, kwa sababu ndivyo ilivyo, na akija mgeni kutoka wilayani unampa taarifa ya kitu ambacho tayari kipo kwenye miongozo yake. Na mtaala huu ulioboreshwa nao unakusaidia, kila mtu kuanzia mkongwe hadi ajira mpya anajifunza upya, hakuna wa kusema yeye anajua yote.

Kuna vitu watakusukuma uviweke kwenye mpango, na mimi nakwambia viache au vipunguze. Kambi ya kidato cha nne miezi miwili kabla ya mtihani, watoto wanakaririshwa pepa zilizopita hadi usiku, inaweza kuokoa wachache kutoka ziro kwenda foo lakini walimu wako bora wote wanamalizikia huko wakati shimo linachimbwa kidato cha kwanza. Kama lazima iwepo, iwepo, ila mwalimu mwenye uwezo kuliko wote mrudishe kidato cha kwanza. Hili watalipinga sana na mimi nalisimamia. Majaribio ya kila wiki bila kusahihisha na kurudisha kwa mtoto, achana nayo. Viboko kwa aliyepata chini ya thelathini, hapo sina hata haja ya kueleza.

Mtajuaje kama inafanya kazi? Msisubiri matokeo ya NECTA, hayo yanachelewa na yana mambo mengi ndani yake, mwaka mmoja mnaweza kupanda kwa sababu tu mmepokea watoto wazuri. Chukueni swali moja la maelezo, aina ileile, mlipe kidato cha kwanza wote Februari, Juni na Novemba, na walimu wa masomo tofauti walisahihishe kwa mwongozo mmoja. Mara ya kwanza mtagombana, wa biolojia atatoa saba wa historia atatoa tatu kwenye karatasi moja, na ugomvi huo ni mafunzo tosha. Hifadhini skripti za watoto kumi haohao mwaka mzima, mkizipanga mezani kwa tarehe mtaona wenyewe, na mzazi akija kwenye kikao mnamwonyesha, hata yule mvuvi ambaye anamwita kijana pwani kila bahari ikiwa nzuri, akiona mwandiko wa mwanae ulivyobadilika ni rahisi kuongea naye kuhusu utoro kuliko ukimsomea asilimia.

Mpango wenyewe uandike kurasa mbili, zisizidi. Ukurasa wa kwanza kitu kimoja mlichochagua na ushahidi wa skripti, wa pili ratiba ya vikao vya idara muhula huu tu, nani anafungua darasa wiki ipi, na lini mnapima. Gharama ni karatasi na bando, hiyo iombee kwenye ruzuku ya uendeshaji mkuu akupe kwa maandishi. Na mwambie kila mwalimu anayeongoza kikao au kufungua darasa akiingize hicho kwenye PEPMIS yake, ule mfumo wa mtandaoni wa serikali wa kupima utendaji wa mtumishi, kama kazi aliyoifanya, kwa sababu wengi wanahangaika mwezi ukiisha hawajui wajaze nini mle, na hiki ni kitu kweli chenye tarehe na ushahidi. Ukishapata ratiba itakayowapa sayansi kipindi cha pamoja nitumie niione, hasa huyo mwalimu wa kemia umemwekaje.